Umeacha Nyama, Kipimo Umekikimbia

Tunduma,
Jumapili, 10 Agosti 2014

Mwanangu Masanja,

Leo nitakuambia yote. Sitabakiza neno kwa sababu ya aibu, wala kwa sababu wewe ni baba yangu na mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Kesho asubuhi unakwenda Kamsamba kununua ng'ombe, na hutarudi mpaka mvua zikaribie, na mimi nimechoka kusema nawe kwa mdomo. Kwa mdomo unanishinda. Unacheka, unaita watu waje, unawaambia, "Sikieni mama yangu anavyonifokea," watu wanacheka, na maneno yangu yanafia hapo. Barua hii nitaiweka kwenye begi lako, juu ya mashati, kando ya chakula chako cha njiani. Utaisoma ukiwa peke yako na hakutakuwa na mtu wa kumchekesha.

Wewe mwenyewe ndiye uliyenifanya mama yako. Nilipozaliwa ulinipa jina la bibi, mama yako mzazi, na tangu siku hiyo hujawahi kuniita Minza. Unaniita Mama. Ukirudi mnadani unaniamkia, "Shikamoo Mama," nami najibu, "Marahaba mwanangu, umeniletea nini?" Wateja wapya pale buchani kwako hutazamana. Nilipokuwa mdogo niliona ni mchezo mzuri wa kupatia pipi. Sasa nimekua, nimeona una faida nyingine. Kwetu binti hawezi kumuuliza baba yake habari za tumbo lake na choo chake. Atapigwa kofi, na waliopo watasema amestahili. Lakini mama anaweza. Mama alikuosha, alikufuta, anakujua tangu huna meno. Kwa hiyo leo naandika kwa jina la bibi, na usiniambie nimekosa adabu, maana jina hili sikujipa.

Sitakuambia ubebe chandarua wala uchemshe maji. Mke wako, ambaye ni mama yangu na leo ni mkwe wangu, ameshafunga kila kitu, na ameweka hata sweta ambalo kwa lile joto la Kamsamba utalifanya mto wa kulalia. Hayo ni yake. Langu ni moja.

Mwezi wa sita ulidondoka buchani ukiwa umeshika shoka. Tulikupeleka kituo cha afya. Daktari akasema damu yako imepungua sana na haoni inapopotelea, na aliposikia kwamba kaka yako alikufa kwa kansa ya utumbo mpana, aliacha kuandika akakutazama. Akakuambia uende hospitali ya rufaa Mbeya ukapimwe utumbo huohuo. Ukasema, "Nitakwenda, daktari." Ukasema baada ya kufunga hesabu za mwezi. Halafu baada ya mitihani yangu, kana kwamba mitihani hiyo ulikuwa unaifanya wewe. Halafu baada ya Nane Nane. Nane Nane ilikuwa juzi. Na leo begi limefungwa la kwenda Kamsamba.

Umenichosha, mwanangu. Sijui neno lingine.

Nataka kwanza nikukumbushe baba mkubwa Ngasa, kwa sababu tangu tulipomzika hatumsemi. Nilikuwa darasa la tano, nimekuja Kamsamba likizo. Kazi yangu pale ilikuwa kumpelekea supu. Naye aliniita Mama, kama wewe, maana bibi alikuwa mama yenu nyote wawili.

"Mama, leo umeniletea nini?"

"Maini."

"Hayo ndiyo damu yenyewe. Weka hapo, unisogezee na chumvi."

Alikaa upande upande kwenye kigoda, akiegemea paja moja. Alikuwa anatokwa damu chooni, na kila mtu alijua ugonjwa gani: bawasiri. Wazee walisema imeletwa na baiskeli, kwa sababu alizunguka nayo Momba nzima akitafuta ng'ombe wa kununua, na kiti chake kilikuwa kigumu. Basi baiskeli ikatundikwa ukutani. Mganga akaleta mizizi ya kuchemsha. Na kwa kuwa damu inapotea, wote mkakubaliana irudishwe: nyama asubuhi, maini mchana, supu ya makongoro jioni. Mbuzi walichinjwa kwa ajili yake mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyefanya hivyo kwa ubaya. Mlimpenda, na kwetu mtu anayependwa akiugua huchinjiwa.

Na kweli maini yalimsaidia. Hilo ndilo linaloniuma. Uso ulirudiwa na rangi, akasimama, akatembea mpaka zizini kuhesabu ndama, na shangazi zangu wakapiga vigelegele. Kumbe damu ilikuwa inaingia kwa mdomo na kutoka kwa chini, na kule ndani kitu kilichokuwa kinaitoa kiliendelea kukua. Mlipompeleka Mbeya madaktari walimfungua, wakaona kansa imeshaenea, wakamfunga. Wewe ulikuwepo. Uliporudi ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema ndugu yenu amekufa kwa bawasiri. Mpaka leo Kamsamba wanajua hivyo. Na watoto wake, ndugu zangu, nao wanajua hivyo, na mmoja wao amepewa ile baiskeli akiambiwa aweke sponji kwenye kiti.

Hebu fikiri jambo hilo kidogo, utaona kwa nini nakasirika.

Sasa tuje kwenye nyama, ambayo tumegombania mwaka mzima. Bibi, yule wa kweli, hakula nyama kama wewe. Umenisimulia mwenyewe kwamba boma lilikuwa limejaa ng'ombe na mlikula ugali wa mtama kwa maziwa na mlenda, na nyama ilionekana ng'ombe akivunjika mguu au mtu akioa. Wewe huna zizi hapa Tunduma, lakini unakula nyama kuliko babu aliyekuwa nalo. Asubuhi soseji za Nakonde na chapati. Saa nne supu. Jioni pale kwenye jiko la nyama choma pamoja na madereva wanaosubiri karatasi zao zipite mpakani. Mke wako akikuwekea majani ya maboga unamwambia, "Mimi nauza ng'ombe, sili chakula chake." Watu hucheka sana. Nami nilicheka mara ya kwanza.

Unakumbuka siku niliyokufuata pale jikoni nikiwa na sare za shule? Tulikuwa tumetoka kufundishwa na Mwalimu Simbeye, mwalimu wetu wa Biolojia. Nilikuwa nimebanwa na yale maneno, sikuweza kusubiri urudi nyumbani.

"Mwanangu, hiyo ni sahani ya ngapi?"

"Mama! Karibu. Ni ya kwanza."

"Na mifupa hii yote?"

"Ya wenzangu."

Yule dereva wa Zambia, Ba Mulenga, akageuka kunitazama. "Ba Masanja, bamayo, huyu mama yako, amekuja na fimbo?"

"Hana fimbo," ukasema. "Ana Biolojia. Ni mbaya zaidi."

Nikakuambia usile ile sehemu iliyoungua, na mchomaji akadakia kwamba iliyoungua ndiyo tamu. Ba Mulenga akaniambia, "Bamayo, mwache mtoto ale. Akilia njaa utambembeleza wewe?" Ukajifanya unalia. Meza nzima ikapiga makofi. Nikarudi nyumbani machozi yakinitoka, na wewe ukafika ukiwa umenifungia kipande kwenye gazeti, cha kuniomba radhi. Nyama, ya kuniomba radhi kwa ajili ya nyama!

Nilichotaka kusema siku ile ni hiki, na sasa utakisikia chote. Mwalimu alisema watu waliokula sana nyama nyekundu, yaani ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, wamefuatiliwa miaka mingi katika nchi nyingi, na ikaonekana wanapata saratani ya utumbo mpana zaidi kuliko wanaokula kidogo. Nyama za viwandani, zilizotiwa chumvi na dawa za kuzuia kuoza, kama soseji zako na ile poloni, zinaonekana mbaya zaidi. Kile kinachoifanya nyama iwe nyekundu kinasumbua ukuta wa utumbo kikipita kwa wingi kila siku. Nyama ikiungua motoni inatengeneza kemikali nyingine tena. Na mtu anayeshiba nyama hana nafasi ya kula maharage, mboga na dona, vitu ambavyo vinausafisha utumbo na kuufanya usikae na uchafu muda mrefu.

Hayo nilikuwa sahihi. Lakini nilipofika nyumbani nilizidisha, na hapo nikakupa silaha.

Kwenye ubao Mwalimu aliandika "vyakula vitokanavyo na wanyama", na mimi nikavikusanya vyote kwenye kapu moja: nyama, maziwa, mayai, samaki, kuku. Nikaona maziwa nayo yanatoka kwa ng'ombe, basi yana hatia ileile. Nikachukua kibuyu chako cha mtindi, kile ambacho mjomba alikuletea kutoka Kamsamba, nikaenda nikawamwagia nguruwe wa jirani. Uliporudi hukucheka. Ndiyo siku pekee ambayo hukuniita Mama. Ulisema, "Minza, maziwa ya nyumbani kwetu umempa nguruwe?" Ukaingia ndani ukalala bila kula.

Kesho yake nikamuuliza Mwalimu. Akashika kichwa.

"Nani alikuambia maziwa?"

"Si yanatoka kwa mnyama, mwalimu?"

"Minza, ukiweka vyote kapu moja hujasoma, umetisha watu. Maziwa hayamo. Wanaokunywa maziwa wanaonekana hata kupata saratani hiyo kidogo kuliko wengine, labda kwa sababu ya madini yake. Samaki na kuku hawabebi lawama ya nyama nyekundu. Mayai bado hakuna neno la uhakika. Na hata hiyo nyama nyekundu usimwambie baba yako kwamba ni sumu. Wapo wanaoila mpaka uzeeni wakafa kwa mambo mengine, na wapo wasioila wakaugua. Tunasema hatari inaongezeka. Mwambie apunguze, na hizo soseji aziache."

Nikarudi nikakuambia hivyohivyo, kwa uaminifu, nikakuomba na radhi. Ungefurahi kwa ajili ya maziwa, tukayamaliza. Lakini wewe ulikwenda kutangaza buchani kwamba Mama amefeli. "Alisema maziwa yanaua, sasa anasema yanaponya! Kama alikosea maziwa, na nyama amekosea." Nikakuuliza, mwanangu, ukikosea kumpimia mteja kilo moja, je, kilo zote ulizompimia zinakuwa za uongo? Ukasema hilo ni swali la shule. Lilikuwa swali la bucha.

Halafu ukadondoka, daktari akasema alichosema, na mwezi wa saba ukatushangaza. Uliacha nyama. Uliacha kabisa, hukuipunguza. Soseji ukawapa paka. Jioni ukawa unarudi mapema, tunakula samaki wa Rukwa na maharage na majani ya maboga, wewe unayatafuna kwa uso wa mtu anayemeza kwinini, lakini unayatafuna. Ba Mulenga alipita nyumbani kuuliza kama umeokoka. Mke wako alianza kuimba tena akipika. Na mimi, nitakuambia kwa kuwa nimeahidi kusema yote, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa furaha. Nilisema moyoni, amenisikia.

Wiki ile ile nikakuuliza, "Sasa Mbeya tunakwenda lini?"

"Mbeya tena? Kufanya nini?"

"Kupima."

"Mama, si umeshinda? Nyama nimeacha. Ulitaka niache, nimeacha. Sasa kipimo cha nini?"

Nikakutazama, nikaelewa. Umenifanyia kama unavyowafanyia watu mnadani. Umeona nataka vitu viwili, ukanipa kile kimoja kwa mkono wa ukarimu ili nione haya kudai cha pili. Na nikaona haya kweli! Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka begi likafungwa, kwa sababu niliogopa nikikusumbua utarudia soseji. Mwaka mzima nimepigana nawe juu ya sahani, nikadhani nikiishinda sahani nimemaliza, na wewe ukajua pa kujificha.

Basi sikiliza kwa makini, na kama umefika mahali unasoma haraka, rudi. Kuacha nyama ni kwa ajili ya mbele. Kunaweza kukusaidia miaka ijayo, na kumenifurahisha, na usiache kuacha. Lakini hakuwezi kuona kilichokwisha kuota. Daktari alinieleza, wewe ukiwa umetoka nje kupiga simu. Alisema ugonjwa huu hauji kama malaria. Huanza na vivimbe vidogo kwenye ukuta wa utumbo, vinakaa miaka bila kuuma, mtu anakula, anacheka, ananunua ng'ombe. Vingine havifanyi lolote. Kimoja kinaweza kugeuka. Kikiwa bado kidogo daktari anakikata kwa kifaa kilekile anachoangalizia, mtu anarudi nyumbani. Kikichelewa ndiyo wanafungua na kufunga. Na alisema ndugu wa mgonjwa, hasa waliozaliwa tumbo moja, wako kwenye hatari zaidi kuliko mtu mwingine, wawe wanakula nyama au hawali. Umesikia? Hata kama ungekuwa umekula mlenda maisha yako yote, daktari angekupeleka Mbeya.

Na inawezekana huna chochote kibaya. Hilo nalo alisema. Damu inaweza kupungua kwa minyoo, kwa vidonda vya tumbo, kwa mambo mengi. Inaweza hata kuwa bawasiri kweli, nikakuomba radhi mara ya pili, ukatangaza buchani kwamba Mama amefeli tena. Tangaza! Nitasimama hapo hapo kando ya mzani niwaambie nimefeli.

Najua unachokiogopa. Umemwambia mke wako, na mke wako kaniambia. Ni ule mpira wenye kamera, na njia unayopitia. Ulisema, "Mimi mwanamume mzima, nilazwe ubavu, mtoto wa watu aniangalie huko? Bora nife na suruali yangu." Mwanangu, niliposikia neno hilo nilitaka kuvunja kitu. Baba mkubwa alikufa na suruali yake. Hakuna aliyemwangalia huko mpaka mwisho, heshima yake ilibaki nzima, na sasa mke wake analima vibarua kwenye mpunga wa watu. Hao madaktari wanaona watu hivyo kila siku, kama wewe unavyoona matumbo ya ng'ombe. Umewahi kumcheka ng'ombe?

Na nikwambie kingine. Kaka yako hakuogopa kwa sababu hakujua. Wewe unajua. Kwa hiyo usijifananishe naye.

Safari yako ya kesho ninaijua. Gari litakupeleka Vwawa, kisha Mlowo. Pale Mlowo utashuka, kwa kuwa magari ya Kamsamba yanakata kushoto na yale ya Mbeya yananyooka. Nimesema na mjomba. Yuko tayari kwenda mnadani badala yako, ng'ombe anawajua, na wauzaji wa kule wanamwogopa kuliko wewe kwa sababu hacheki. Mke wako amekubali kubaki na bucha. Hakuna kitakachoharibika ukinyoosha mpaka Mbeya, isipokuwa huo ujeuri wako, na huo ukiharibika hatutalia. Nimekupangia hivi kama mtu mzima, kwa sababu wewe siku hizi unafanya mambo ya mtoto.

Lakini sina nguvu ya kukushusha garini. Ningekuwa bibi wa kweli ningekushika sikio. Nina barua tu, na wewe unasoma polepole, ukifuata mstari kwa kidole. Ninalitumaini hilo. Mtu anayesoma kwa kidole haruki maneno.

Sasa lile lililobaki, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Siku ile kituo cha afya uliniingiza ndani ukimwambia daktari, "Mama yangu lazima awepo." Nesi akacheka, nami nikaketi kwa majivuno kama mtu mkubwa. Daktari akakuuliza, "Mzee, choo kikoje? Kimebadilika? Kuna damu?" Ukamtazama nesi, ambaye ni binti mdogo. Ukanitazama mimi. Ukajibu haraka, "Hakuna. Choo kama cha watu." Ulijibu vilevile unavyomjibu mteja akiuliza kama nyama ni ya leo. Daktari hakujui, akaandika. Mimi nakujua. Ningekuwa na akili ningetoka nje, nimvute na yule nesi, mkabaki wanaume wawili. Nilibaki nimeketi pale, umama wangu ukakuziba mdomo.

Tangu siku ile nimekuangalia. Unaamka kabla ya watu, unakwenda chooni, halafu unarudi kuchukua ndoo ya pili ya maji. Mke wako anafua nguo zote za nyumba hii isipokuwa zako za ndani, siku hizi unazifua mwenyewe, na hapo nyuma hukuwahi kufua hata leso katika maisha yako. Mkanda wako una tundu jipya ulilotoboa kwa msumari. Sijamwambia mtu. Hata mkwe wangu sijamwambia, ingawa nadhani naye anaangalia na ananyamaza kama mimi.

Baba, hapa umama wangu umeisha. Nilidhani utanifikisha mwisho wa barua, haukunifikisha. Mimi ni mtoto wako, nina miaka kumi na sita, nataka unione nikimaliza Kidato cha Sita, na ninaogopa. Nimekasirika mwaka mzima kwa sababu hasira ni rahisi kuibeba kuliko hiki nilichonacho sasa hivi.

Ninaomba jibu moja tu. Usinipigie simu, kwa simu utacheka. Pale Mlowo ukisubiri gari, andika nyuma ya ukurasa huu, umpe dereva anayerudi Tunduma. Wote wanakujua, wataleta buchani. Usiandike salamu. Usiniandikie habari za bei za ng'ombe. Ukiandika "hapana" nitakuamini, ila uandike kweli, kwa mkono wako, na jina lako chini. Na ukiandika "ndiyo", sitamwambia mtu kabla yako, nitapanda gari kesho hiyohiyo nikufuate Mbeya, nikae nje ya mlango kwenye benchi, mlango ukiwa umefungwa.

Mimi ni Minza, mama yako kwa jina na binti yako kwa kweli, na nakuuliza lile ambalo hukumjibu daktari:

Ukienda chooni, baba, unaona damu?